Kuwarudisha Watoto Shuleni Januari: Mwongozo wa Siku 21

Jumatatu ya kwanza ya muhula, wanafunzi wanapojipanga mstarini, mwalimu wa darasa hatambui kirahisi nani ameandaliwa na nani amenunuliwa vifaa tu, kwa sababu wote wana begi safi na soksi nyeupe pe. Tofauti hujitokeza ifikapo saa nne asubuhi, pale baadhi ya watoto wanapolaza vichwa juu ya dawati huku wenzao wakiendelea kuandika. Nimefundisha madarasa ya chini ya shule ya msingi jijini Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, nami pia ni mama wa watoto wawili, na kosa ninaloliona kila Januari, nyumbani kwangu likiwemo, ni moja: wazazi huandaa begi katika siku tatu za mwisho, wakati mwili na akili ya mtoto vinahitaji wiki tatu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kufuata likizo ndefu ya Desemba ya shule za Tanzania. Kwa wazazi ambao watoto wao husoma katika shule za mitaala ya kimataifa, zinazofungwa Juni na kufunguliwa Agosti au Septemba, au wanaoishi Oman au Ulaya ambako mwaka wa masomo huanza katika miezi hiyo, hatua ni zilezile. Kinachobadilika ni majina ya miezi.

Hatua ya 1: Anza na tarehe ya kufungua, kisha hesabu kurudi nyuma

Tarehe ya kufungua shule huandikwa kwenye ripoti ya maendeleo ambayo mtoto alikuja nayo siku ya kufunga, mara nyingi chini kabisa, mahali ambapo mzazi hafiki kwa kuwa macho yameishia kwenye nafasi aliyoshika mwanawe. Shule za serikali kwa kawaida hufunguliwa katika wiki ya pili ya Januari. Iandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani, mtoto akishuhudia, halafu hesabu siku 21 kurudi nyuma.

Utagundua jambo ambalo wengi hatulitilii maanani: siku ya ishirini na moja huangukia siku chache tu kabla ya Krismasi. Wiki tatu ambazo mtoto anazihitaji ili kurudi katika utaratibu ndizo wiki za sikukuu, za safari, za wageni na za kulala usiku wa manane. Hatuwezi kuifuta sikukuu, wala sishauri hivyo. Kinachowezekana ni kupanga kazi kwa mafungu: yanayohitaji fedha na fundi yamalizwe kabla ya Krismasi, yanayohusu usingizi na masomo yaanze mara baada ya Mwaka Mpya, au siku mbili tatu kabla yake kama shule inafunguliwa mapema.

Hatua ya 2: Sare, viatu na madaftari kabla ya fedha kuisha

Katikati ya Desemba, mtoe mtoto nje mahali penye mwanga na umvalishe sare yote, kuanzia shati hadi viatu, hata kama una hakika kwamba bado zinamtosha. Mtoto wa umri wa shule ya msingi huongezeka urefu wa sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, na ongezeko hilo halionekani kwa mtu anayemwona kila siku. Mwambie ainue mikono juu. Shati likichomoka kiunoni, ni fupi. Mwambie achuchumae, sketi au kaptura ikimbana, haitafika Aprili. Kabla ya kununua nyingine, geuza upinde wa chini wa sketi uangalie, kwa maana fundi mzuri huacha kitambaa cha kutosha ndani, na kushusha upinde huo ni kazi ya nusu saa. Alama ya mkunjo wa zamani hupungua ikipigwa pasi juu ya kitambaa kilicholowekwa kwenye maji yenye siki kidogo, ingawa kwa rangi ya bluu iliyopauka haitoweki kabisa.

Kiatu kinahitaji uangalifu zaidi kuliko nguo, kwa sababu mtoto hukaa nacho tangu alfajiri hadi jioni. Mpime jioni, mguu ukiwa umekwisha kuvimba kidogo kwa shughuli za mchana, akiwa amesimama na kuvaa soksi za shule. Bonyeza mbele ya kidole kirefu: pakiwa na nafasi ya unene wa kidole gumba chako, kiatu kinafaa. Mzazi anayenunua namba mbili zaidi ili "akue navyo" humpa mtoto malengelenge mwezi wa kwanza, na kiatu chenyewe huwa kimechanika kisigino kabla mguu haujakijaa.

Nenda kwa fundi cherehani kabla ya tarehe 20 Desemba. Baada ya hapo atakupokea, atakupima, atakuambia "njoo Ijumaa", na Ijumaa utakuta kitambaa chako kingali kimekunjwa vilevile chini ya vitambaa vya watu wengine. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Kariakoo ya wiki ya kwanza ya Januari ni mahali pa kukanyagana. Bidhaa hizohizo hupatikana kwa utulivu wiki tatu kabla. Viatu na mabegi ya mitumba yasidharauliwe, maana mara nyingi ngozi yake hudumu kuliko ya vipya vya bei ya chini, ila begi likaguliwe zipu na mishono ya mikanda kabla ya kutoa fedha.

Andika jina la mtoto ndani ya kola, kwenye kiuno cha sketi au kaptura na, zaidi ya yote, kwenye sweta. Katika kabati la darasa langu, kitu kilichokosa mwenyewe mwaka hadi mwaka ni sweta. Wino hufifia kwa kufuliwa, hivyo mshono mdogo wa uzi wa rangi, kila mtoto na rangi yake, ni alama ya kudumu zaidi.

Kuhusu madaftari, nunua machache ya kuanzia na usubiri orodha ya mwalimu kabla ya kununua mengine, kwa kuwa ukubwa na idadi hutofautiana kwa somo na kwa darasa. Mkebe wa hesabu wa mwaka jana uangaliwe kwanza. Mara nyingi kinachokosekana ni kifutio na kichongeo tu. Kazi ya kuvalisha madaftari majalada aachiwe mtoto mwenyewe. Kalenda ya zamani yenye karatasi ngumu, mkasi na gundi vinatosha, na hata jalada likikaa upande, mtoto aliyelikata kwa mkono wake hulitunza daftari kwa namna nyingine kabisa.

Jambo moja kwa wenye hali ngumu. Kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada iliondolewa katika shule za serikali kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hatua hiyo ikafikishwa kidato cha sita. Gharama ya sare na madaftari imebaki kwa mzazi. Ikiwa sare haitakuwa tayari siku ya kufungua, usimfungie mtoto nyumbani akiisubiri; mpeleke na nguo safi alizonazo, zungumza na mwalimu mkuu, na utaje tarehe ambayo sare itapatikana. Wiki mbili za mwanzo zikimpita, huwa amepitwa na mpangilio wa madawati, ugawaji wa vitabu na mada za msingi, na kumrudisha kwenye mstari ni kazi kubwa kuliko kushona shati.

Hatua ya 3: Rudisha usingizi kwa robo saa

Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, na ndiyo hurukwa na wengi. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa siku kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Sasa fanya hesabu ya mtoto wa mjini ambaye basi la shule humpitia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Lazima aamke saa kumi na moja, wakati jua la Januari la Dar es Salaam litachomoza baada ya saa kumi na mbili na robo. Ili apate saa 9 tu, ambazo ni kiwango cha chini, anapaswa kuwa amelala saa mbili usiku, yaani taarifa ya habari ya televisheni ianze yeye akiwa kitandani. Katika likizo mtoto huyohuyo amekuwa akilala saa nne na nusu.

Pengo ni la saa mbili na nusu, sawa na dakika 150. Halizibwi usiku mmoja wa Jumapili kwa amri ya "leo lala mapema", kwani mtoto atajigeuzageuza kitandani mpaka saa nne na nusu ileile, kisha aamshwe saa kumi na moja akiwa na saa sita na nusu za usingizi. Ukilipunguza kwa dakika 15 kila siku, linamalizika kwa siku 10.

Anza na asubuhi. Mtu mzima hawezi kumlazimisha mtoto alale, lakini anaweza kumwamsha. Na akiamka mapema, usingizi wa jioni huja wenyewe. Kwa hiyo kila siku mwamshe robo saa mapema kuliko jana, mtoe nje kwenye mwanga mara jua linapochomoza, mpe kazi ya mwili kama kufagia uwanja au kwenda dukani, na uufute usingizi wa mchana kwa mwenye umri wa zaidi ya miaka sita. Usimfidie kwa kumwacha alale hadi saa tatu Jumamosi, maana siku hiyo moja huharibu kazi ya siku nne.

Jioni, simu na televisheni vizimwe saa nzima kabla ya kulala. Najua kwamba kwa familia inayoishi chumba kimoja na sebule, ushauri huu husemwa kwa urahisi kuliko unavyotekelezwa, kwa sababu televisheni ipo palepale godoro linapotandikwa. Katika nyumba ya namna hiyo wanaobadilika wawe watu wazima: kwa siku hizo 10 na katika wiki za shule, habari isikilizwe kwa redio ya sauti ya chini, au kwa simu yenye spika za masikioni, na mazungumzo yahamie barazani. Chakula cha usiku nacho kisogezwe nyuma hadi saa kumi na mbili na nusu, ili mtoto asilale na ugali tumboni.

Hatua ya 4: Rejea mapema kutoka safari, na mkague afya

Wanaokwenda Moshi, Bukoba au Mbeya kwa sikukuu hujua jinsi mabasi yanavyojaa wiki ya kwanza ya Januari. Kata tiketi ya kurudi siku ileile unayokata ya kwenda, na upange kufika nyumbani siku tano kabla ya shule kufunguliwa. Siku hizo tano hazipotei. Mtoto aliyekuwa kwa bibi, ambako hakuna aliyemwambia "acha", anahitaji muda wa kuzizoea tena kanuni za nyumba yake kabla ya kuongezewa za shule.

Safari ina suala la malaria pia. Dalili hujitokeza kwa kawaida kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea, kwa hiyo mtoto aliyeumwa akiwa likizoni anaweza kuanza homa akiwa tayari darasani. Watoto wanaoishi nyanda za juu zenye baridi wako hatarini zaidi wakitembelea Pwani, Kigoma au kando ya Ziwa Viktoria, kwa kuwa miili yao haijaizoea malaria. Homa yoyote katika mwezi wa kwanza baada ya safari ipimwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Asimezeshwe dawa iliyobaki kwenye droo.

Mpe dawa ya minyoo kwa ushauri wa mhudumu wa afya ikiwa zimepita miezi sita tangu alipomeza mara ya mwisho. Kwa macho, tumia kalenda ileile ya ukutani: msimamishe mtoto hatua sita kutoka ukutani, mzibe jicho moja kwa kiganja, asome tarehe unazozionyesha, kisha abadilishe jicho. Akikunja uso, akisogea mbele, au akishindwa kuona namba ambazo kaka yake anaziona pale aliposimama yeye, apelekwe kliniki ya macho. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyejulikana kwa "kuchungulia daftari la jirani", na kumbe jirani ndiye alikuwa ubao wake.

Nywele zishughulikiwe siku mbili kabla ya kufungua: wavulana wanyolewe, na wasichana wanyolewe au wasukwe kwa kufuata kanuni ya shule husika. Pale inaporuhusiwa, msuko wa twende kilioni unatosha. Msusi akivuta sana, mtoto hulala vibaya usiku wa kwanza, ndiyo maana nasema siku mbili na si jioni ya Jumapili.

Hatua ya 5: Amsha masomo kidogo kidogo

Sishabikii tuisheni ya Desemba nzima, na walimu wenzangu wengine hawatanielewa. Mtoto aliyefanya mtihani Novemba anahitaji kupumzika kikamilifu walau wiki mbili. Baada ya hapo, dakika 30 kwa siku zinatosha kwa darasa la kwanza hadi la nne, na saa moja kwa madarasa ya juu, muda uleule wa asubuhi kila siku.

Tumia daftari la mwaka uliopita kabla ya kitabu kipya. Pitia kurasa zenye mikasi, yaani zile alama nyekundu za makosa, mchagulie maswali matatu ayarudie, na kesho matatu mengine. Mtoto wa madarasa ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, asome kwa sauti ukurasa mmoja kila siku, awe amesimama, nawe ukisikiliza bila kumkatiza hadi amalize. Kwa darasa la tatu na kuendelea, tebo za kuzidisha zirudiwe mtu akiwa anaosha vyombo au anatembea. Ya 7 na ya 8 ndizo zinazosahaulika kwanza. Asiye na vitabu nyumbani anaweza kuvisoma vya kiada bure katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa simu ya mzazi, katika muda uliopangwa.

Anayeingia kidato cha kwanza kutoka shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili ana mzigo wa peke yake, kwa kuwa masomo karibu yote sasa yatafundishwa kwa Kiingereza. Kwake, andaeni daftari dogo la msamiati: kila siku maneno 10 ya hisabati, baiolojia au jiografia, kila neno na maana yake kwa Kiswahili na mchoro inapowezekana. Kwa siku 21 atakuwa na maneno 210, na hayo yatamwezesha walau kufuata mwalimu anazungumzia nini. Fomu ya kujiunga nayo isomwe mstari kwa mstari, hasa kama ni shule ya bweni. Ndoo, shuka na rimu ya karatasi hukumbukwa na wote, bali fomu ya uchunguzi wa afya inayohitaji saini na mhuri wa daktari husahaulika mpaka siku ya kuondoka.

Hatua ya 6: Msikilize mtoto bila kumhoji

Ukimketisha mtoto na kumuuliza, "Una wasiwasi wowote kuhusu shule?", atakujibu, "Sina." Mwaka mmoja binti yangu aligoma kabisa kujaribu sare, nami nikadhani ni uvivu wa likizo. Jioni moja tulikuwa tunachambua mchele, macho yetu wote wawili kwenye ungo, akasema taratibu: "Mama, mwaka huu nitakaa na nani?" Rafiki yake alikuwa amehamia Dodoma. Kwa mwezi mzima alikuwa akilibeba swali hilo, na sikuwa nimempa nafasi ya kulisema.

Kazi za mikono zisizohitaji kutazamana, kama kuchambua mchele, kumenya viazi au kukunja nguo, hufungua midomo kuliko kikao. Akitaja hofu, usikimbilie kusema "hamna kitu, utazoea". Mrudishie alilosema kwa maneno yako, halafu tafuteni jambo moja la kufanya. Katika kisa changu tulimwalika mtoto wa jirani anayesoma darasa hilohilo, wakacheza siku mbili, na Jumatatu wakaenda pamoja.

Kuna ukimya wa aina nyingine. Mtoto aliyerudi kutoka likizo akiwa anaogopa kuguswa, anakojoa kitandani ilhali alishaacha, au anakataa kutajiwa ndugu fulani, ana jambo zito kuliko shule. Usimpige wala kumlazimisha. Mpeleke kituo cha afya, ofisi ya ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bure.

Hatua ya 7: Pita njia, kisha mkabidhi asubuhi yake

Kwa anayeanza darasa la kwanza au anayehamia shule mpya, tembeeni njia yote mara mbili kabla ya siku yenyewe, mara moja katika saa ileile atakayokuwa akipita. Mwonyeshe mahali pa kuvukia, nyumba au duka la mtu mnayemfahamu, na kituo cha daladala kwa pande zote mbili, kwani watoto wengi hupotea kwa kupanda gari la upande usio wake wakati wa kurudi. Akariri namba ya simu ya mzazi. Iliyoandikwa kwenye daftari hupotea pamoja na begi.

Jioni ya mwisho, begi lipangwe na mtoto, nawe ukiwa mkaguzi tu. Sare ining'inizwe, viatu vipigwe rangi, chupa ya maji ijazwe, nauli iwekwe mahali pamoja na siku zote pasibadilike. Asubuhi amshwe mapema kiasi cha kunywa uji akiwa amekaa. Kwa wa darasa la kwanza anayelia getini, muage kwa maneno machache, mkabidhi kwa mwalimu kwa mkono, uondoke; mzazi anayechungulia dirishani hurefusha kilio, na sisi tulio ndani huwaona.

Wiki ya kwanza usiulize amejifunza nini, kwa sababu siku hizo zimejaa usafi wa mazingira, ugawaji wa vitabu na kupanga madawati. Muulize amekaa na nani, amecheza nini, na chakula kilikuwaje. Ijumaa pitia madaftari, angalia kama sweta limerudi, na Jumamosi umwamshe saa kumi na mbili, hata akilalamika.